Wageni wa Kilima cha Kirumbwe

Mwanne aliweka dumu lake nyuma ya madumu mengine, akakaa juu ya jiwe kusubiri zamu yake. Ulikuwa mwezi wa Oktoba. Katika vilima vya Kondoa, huo ni mwezi wa vumbi. Nyasi zilikuwa zimekauka, na visima vya bondeni vilikuwa vimekauka pia. Kijiji kizima cha Kirumbwe kilitegemea chemchemi moja iliyotoka chini ya mwamba mkubwa kilimani.

Maji yalitoka kidogo kidogo. Kila mwanamke aliinama, akachota kwa kopo, akamimina ndani ya dumu, kisha akangoja maji yajikusanye tena. Hakuna aliyemharakisha mwenzake. Walizungumza habari za watoto, za harusi iliyokuwa inakuja, na za mbaazi zilizoshambuliwa na wadudu.

"Mama Naima," jirani mmoja akauliza, "ni kweli yule bwana wa Dodoma atajenga hoteli hapa?"

"Ameomba," Mwanne akajibu. "Leo mchana tuna kikao."

"Na sisi tutachota wapi?"

Mwanne aliinuka, akasogeza dumu lake mbele. Alikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, na habari ya hoteli aliijua tangu ilipoanza. Hata hivyo, swali hilo hakuwahi kulisikia likiulizwa ndani ya kikao.

Nyumbani alimkuta mume wake, Mbwana, akinoa jembe. Binti yao Naima alikuwa anafua. Naima alisomea utalii katika chuo kimoja mjini Dodoma. Alimaliza mwaka uliopita, na tangu hapo alikuwa nyumbani. Aliomba kazi sehemu nyingi, na wengi hawakumjibu hata kidogo.

"Mama, leo mnapitisha?" Naima akauliza. Uso wake ulikuwa na matumaini.

"Tutazungumza kwanza."

"Mnazungumza nini tena? Wafanyakazi wa serikali wamejaa Dodoma siku hizi. Mwisho wa wiki wanatafuta mahali pa kupumzika. Hapa kuna mwamba mzuri, kuna hewa baridi. Mama, hii ndiyo kazi niliyosomea."

Mbwana aliacha kunoa. "Mimi nilikuwa mtoto mdogo ng'ombe wetu walipoondolewa na serikali kwenye vilima hivi," akasema. "Ardhi ilikuwa imechoka, makorongo kila mahali. Ni kweli, baadaye miti ilirudi. Lakini baba alilia. Nilimwona. Hakuna aliyekuja kumwuliza yeye atakula nini."

"Baba, hayo ni ya zamani," Naima akasema kwa upole.

"Ya zamani, ndiyo. Ndiyo maana nayakumbuka."

Mchana halmashauri ya kijiji ilikutana ofisini. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Abdulwahab, alikuwa amevaa koti lake zuri. Alitaka sana kijiji chake kiendelee, na jambo hilo kila mtu alilijua. Alitandika mchoro mkubwa mezani. Ulionyesha nyumba ndogo za kulala wageni, mgahawa, na bwawa la kuogelea la rangi ya buluu, hapo hapo chini ya mwamba. Mchoro huo uliletwa na Bwana Cornel, mfanyabiashara kutoka Dodoma.

"Bwana Cornel ameahidi ajira kwa vijana wetu," mwenyekiti akasema. "Anataka jibu Ijumaa. Kuna vijiji vingine vinamwita. Mimi naona tukubali leo, tutie saini, tumalize."

Wajumbe wengi wakatikisa vichwa kukubali. Mwanne akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, hilo bwawa litajazwa kwa maji gani?"

"Ya chemchemi, bila shaka."

"Sasa hivi chemchemi haijazi madumu yetu. Itajazaje bwawa?"

Mjumbe mmoja akasema kuwa matajiri wana mashine, wataongeza maji. Mwingine akasema mvua zikinyesha maji yatakuwa mengi. Mzee Abdulwahab akakunja mchoro wake polepole.

"Mama Naima, unataka tukose nafasi hii?" akauliza.

"Sitaki tukose. Nataka tujue tunachokubali. Naomba tumwite afisa maendeleo ya jamii wa kata atueleze taratibu, kisha tuamue."

Mwenyekiti hakufurahi, lakini hakuweza kulikataa ombi hilo mbele ya wajumbe. Kikao kiliahirishwa.

Habari zilifika nyumbani kabla ya Mwanne. Naima alikuwa amekaa kizingitini.

"Watu wote wanasema wewe ndiye umezuia," akasema. "Mama yangu mwenyewe."

Mwanne alikaa karibu naye. Alitamani kumwambia kwamba kila usiku anamwombea kazi. Badala yake akasema, "Sijazuia. Nimeuliza." Naima aliinuka, akaingia ndani.

Afisa maendeleo ya jamii aliitwa Violeth. Alikuwa mwanamke kijana mwenye pikipiki na sauti ya utulivu. Alifika baada ya siku chache, akamsalimu Mzee Abdulwahab kwa shikamoo, akakaa na wajumbe.

"Kwanza, hongereni," akasema. "Mgeni amepaona kwenu pazuri. Hilo ni jambo jema. Lakini kuna mambo lazima yafuatwe. Ardhi ya kijiji ni ya wanakijiji wote. Ninyi halmashauri mnaisimamia kwa niaba yao. Hamwezi kumpa mtu ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaidhinisha. Kila mkazi mwenye umri wa miaka kumi na minane na zaidi ana haki ya kuhudhuria na kusema."

"Hata sisi tuliochaguliwa hatuwezi?" Mzee Abdulwahab akauliza.

"Mnaweza kupokea ombi, mkalichunguza, mkapeleka mapendekezo. Uamuzi ni wa mkutano mkuu. Mkitia saini peke yenu, kesho mtu yeyote anaweza kupinga, na hata huyo mgeni atapata hasara."

Mwanne akauliza, "Na maji je?"

"Sheria ya mazingira hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka chanzo cha maji. Na mtu akitaka kuchukua maji kwa biashara, lazima aombe kibali kwenye bodi ya maji ya bonde. Huyu bwana ameiona chemchemi yenu lini?"

"Alikuja Aprili," mwenyekiti akajibu.

Violeth akatabasamu kidogo. "Aprili kila chemchemi ni tajiri. Mwiteni aje sasa. Tena msimpokee ofisini. Mpelekeni kilimani, akutane na watu wanaopatumia mahali penyewe. Wasikilizeni nao. Kina mama wanaochota, wenye bustani, wafugaji, na vijana wanaotafuta kazi. Kila mmoja anajua kitu ambacho mwingine hakijui."

Bwana Cornel alikubali kusubiri jibu lake, akaja Jumamosi asubuhi. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kofia ya jua. Walipanda kilima pamoja, yeye na mwenyekiti, Violeth na wajumbe. Naima alifuata nyuma.

Walipofika, Bwana Cornel alisimama. Aliwatazama wanawake waliokaa kwenye mawe. Aliitazama foleni ya madumu.

"Maji yako wapi?" akauliza.

"Ni hayo," Mwanne akasema. Alimpa kopo. "Karibu, baba. Mjazie huyu bibi dumu lake."

Hakusema kwa kejeli. Bwana Cornel aliinama, akachota. Kopo la kwanza lilijaa. La pili lilijaa nusu. Baada ya hapo alilazimika kungoja. Alichota, akangoja, akachota tena, mpaka jasho likalowesha shati lake. Hakuna aliyecheka. Dumu lilipojaa, alinyoosha mgongo wake, akamrudishia Mwanne kopo.

"Nilipokuja, hapa palikuwa na kijito," akasema. "Nilinawa uso. Sikujua kama hali inakuwa hivi."

"Hukuuliza," bibi mwenye dumu akasema. "Na sisi hatukukwambia."

Naima akasogea mbele. "Samahani, Bwana Cornel. Mimi nimesomea utalii. Mabwawa ya kuogelea yapo mjini, tena mengi. Anayetoka Dodoma kuja huku anataka kitu ambacho kule hakipo. Anataka kupanda kilima asubuhi, aone bonde lote. Anataka kula ugali wa uwele na mboga ya mlenda, na asali ya hapa. Nyumba za kulala zinaweza kujengwa kule chini, kwenye uwanja wa zamani wa kufyatulia matofali. Kule hakuna anayelima. Na mapaa yake yakinge maji ya mvua kwenye matangi."

Mwanne alimtazama binti yake kama aliyekuwa anamwona kwa mara ya kwanza. Bwana Cornel naye alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mchoro wangu wote ulikuwa bwawa. Inabidi nikafikiri upya." Akaaga, akashuka kilima.

Wiki zikapita. Bwana Cornel hakupiga simu wala hakurudi. Kijijini maneno yakaanza. Dukani, Mwanne alipoingia, mazungumzo yalikatika. Kijana mmoja alisema kwa sauti, ili asikike, kwamba kuna watu wanapenda umaskini. Mwanne alinunua chumvi yake, akatoka. Njiani alijiuliza kama kweli alikuwa amekosea. Alipofika nyumbani alimwambia Mbwana, "Labda ningenyamaza."

"Ungenyamaza, ungelala?" Mbwana akauliza.

Alifikiri. "Hapana."

"Basi."

Naima alikuwa anasikiliza. Alikuja akakaa karibu na mama yake, akaanza kuchambua mboga pamoja naye. Tangu siku ile hakumlaumu tena.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Bwana Cornel alirudi. Alikuja na mchoro mwingine. Haukuwa na bwawa. Nyumba za wageni zilikuwa chache, tena kwenye uwanja wa matofali, zenye matangi makubwa pembeni. Njia ya miguu ilipanda kilima, ikapita mbali na chemchemi.

"Nilikwenda kwenye vijiji vingine," akamwambia Mzee Abdulwahab. "Kimoja walinikubalia siku hiyo hiyo. Nikaogopa. Nilijiuliza, hawa wakija kuona maji yamekwisha, watanifanya nini?"

Safari hii mwenyekiti hakuitisha kikao kidogo. Tangazo lilitolewa msikitini, shuleni na dukani, siku nyingi kabla. Mkutano mkuu ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Watu walikuwa wengi hata wengine wakasimama. Violeth aliwakumbusha taratibu. Kisha mkataba ukasomwa wote, kwa Kiswahili, kwa sauti. Mwanasheria wa halmashauri ya wilaya alikuwa amekwisha kuupitia.

Watu waliuliza maswali mengi. Mfugaji mmoja aliuliza mbuzi wake watapita wapi, na njia yao ikaingizwa kwenye mkataba. Mwanamke mmoja aliuliza nani atazoa taka za wageni. Bwana Cornel alisema ni yeye, na hilo nalo likaandikwa. Mzee mmoja aliuliza kama ardhi imeuzwa.

"Haijauzwa," mwanasheria akajibu. "Atapewa haki ya kuitumia kwa muda uliotajwa. Muda ukiisha, ardhi inabaki ya kijiji. Akivunja masharti, kijiji kina haki ya kusitisha mkataba."

Si wote waliokubali. Vijana wachache walisikitika kwamba nafasi za kazi zimepungua. Mwanne aliona kwamba hilo lilikuwa kweli, na hakujaribu kulificha. Alisimama akasema, "Kazi ni chache kuliko tulivyoahidiwa mwanzo. Lakini hizi zinaweza kudumu." Mikono ilipoinuliwa, walio wengi waliidhinisha.

Mwaka uliofuata wageni wa kwanza walifika. Walikuwa familia moja kutoka mtaa wa Kikuyu, Dodoma, baba, mama na watoto wao. Naima, ambaye sasa alikuwa ameajiriwa kuongoza wageni, aliwapandisha kilimani asubuhi, akawaonyesha ndege na makorongo ya zamani ambayo sasa yana miti. Baba huyo, mtu wa ofisi, kumbe alikuwa hajawahi kula mlenda uliopikwa na wenyeji. Alirudia sahani. Kina mama wa kijiji waliuza asali na vikapu. Kilimani, hata kiangazi kilipoingia, chemchemi iliendelea kutoa maji kama kawaida yake, na hakuna bomba lililowekwa.

Kisha siku moja mtu mwingine alifika ofisi ya kijiji. Alitaka eneo la kuchimba kokoto. Alikuwa na haraka, na gari lake lilikuwa linanguruma nje. Mwanne alikuwepo ofisini siku hiyo. Alifungua mdomo aseme jambo, lakini Mzee Abdulwahab alimtangulia.

"Karibu, ndugu yangu," mwenyekiti akasema. "Zima gari kwanza. Tutakwenda kupaona mahali penyewe, tuwasikilize wanaopatumia. Halafu tutawauliza wenye kijiji."

Mtu yule akashangaa. "Wenye kijiji si ninyi?"

"Hapana," Mzee Abdulwahab akajibu, akichukua bakora yake. "Sisi tumetumwa tu."