Kitabu Alichokicheka Hinda

Harufu ya nywele zilizoungua ilimfikia Hinda akiwa bado anacheka.

Alikuwa akicheka kitabu. Ramlo, mwalimu mwenzake, alimwazima riwaya ya majini huku akiapa kwamba hatapata usingizi siku tatu. Usingizi ukimbie kwa lipi? Jini mwenyewe ana kwato, analia kama fisi, na sura ya mwisho anafukuzwa kwa pumzi moja, mara watu hao wanakula pilau! Hinda aliumia kwa muda wake uliopotea. Nyanya yake wa Hadado alimsimulia majini kabla hajajua alifu. Basi alasiri ile ya mwaka tisini na tano, nyumbani kwake Waberi, mjini Garissa, alichukua penseli akaandika pembeni mwa ukurasa: Uongo mtupu. Jini huja mchana, kwa sauti ya mtu wako. Huita mara mbili tu, ya tatu hawezi.

Birika lilikuwa limechemka kupita kiasi. Akapunguza maji, akayamwaga nyuma ya jiko, kicheko bado kimemjaa kinywani.

Sasa, maji ya moto hayamwagwi ardhini bila bismillahi. Unawapisha wasioonekana, wao na watoto wao. Mtoto wa miaka mitano Garissa analijua hilo, na Hinda alilijua kuliko wengi, ila siku hiyo alijiona mjuzi. Maji yakimwagika hayazoleki, na ya moto ndiyo kabisa.

"Hooyo."

Ilikuwa sauti ya Siham, bintiye wa pekee, ikimwita mama kutoka nyuma ya jiko. Hinda akachungulia chumbani. Siham alikuwa mkekani, amelala fofofo.

"Hooyo."

Akashika mwimo wa mlango, akajikumbusha maneno ya nyanya, yale yale aliyoyaandika kwa mbwembwe, kwamba ni mbili tu, ni mbili tu na yataisha, akangoja huku ile harufu ikizidi na mbuzi wa jirani wakiwa wamenyamaza wote, akangoja hata akaanza kupumua vizuri, na hapo ndipo ilipokuja ya tatu, safari hii ikilia, kilio cha mtoto aliyebabuka ngozi, na moyo wa mama haukuhesabu tena.

"Haa, hooyo, nakuja," akajibu, naye akimwita mwanawe hooyo kama wafanyavyo akina mama wa kwao.

Nyuma ya jiko hapakuwa na mtu. Udongo mbichi tu, unafuka mvuke. Aliporudi ndani alimkuta Siham ameketi, machozi yakimtiririka, mdomo wazi, analia kwa nguvu zake zote bila sauti hata kidogo.

Sheikh Salad alikuja kabla ya magharibi. Hakumkemea. Alimuuliza kwa sauti ya chini amemwaga nini, na wapi, na Hinda akasema yote, hata ya penseli.

"Nao wana watoto, binti yangu," sheikh akasema. "Wa kwao ameungua; aliyeumizwa haishii kuita mara mbili, na akiitikiwa huchukua sauti ya nyumba hiyo. Wewe omba radhi, mimi nitasoma."

Kwa siku saba alisoma juu ya kichwa cha Siham, na Hinda alifukiza ubani wa uunsi nyumba nzima, akapiga magoti nyuma ya jiko akiomba radhi hadi magoti yakachubuka. Siku ya saba harufu ikakatika. Sheikh akasema wamehama, na sauti ya mtoto itarudi polepole, inshallah. Hinda alilia kwa shukrani. Kile kitabu alimrudishia Ramlo bila kukisema vibaya.

Kesho yake alasiri, Ogle, mumewe, akafika na lori kutoka Habaswein. Hakuna aliyekuwa amempasha habari. Aliingia kwa mlango wa uani, vumbi hadi kwenye kope, anatabasamu.

"Siham amekuwa mtundu," akasema. "Amejificha nyuma ya jiko, ananiita aabo, aabo. Mara tatu nzima."

Hinda alikuwa amempakata Siham chini ya shuka, Ogle hajamwona. Aliukaza mkono wa mtoto ndani ya wake.

"Ulimjibu?"

"Nisimjibu mwanangu?" Ogle akasema, na midomo yake ikaendelea kwenda, ikaendelea, bila sauti kutoka, huku nyumba nzima ikiwa kimya.