Tope la Bwawa la Kyaruzi

Jumamosi, soko la Bukoba limefurika, Kyaruzi anauza sato wa bwawani kwake Kimwani. Akashtukia kakanyagwa na msichana mwenye jinzi ya kubana na mabuti ya plastiki yaliyojaa tope.

"Dada, hapa sokoni. Shamba liko kule."

"Pole, waitu. Natoka kazini. Nachota tope la mabwawa ya samaki, tunalipima kama lina sumu."

"Wanaume wote hawa, wewe ukapenda tope?"

Akacheka. Anaitwa Annastella. Basi bwana, Kyaruzi kwisha habari yake.

Annastella akaja Kimwani, akachota tope, akala samaki. Simu zikawa hazikatiki, Kyaruzi anaahidi: "Nachimba bwawa la pili, mpenzi, halafu tunaoana. Visiwani kuvua siendi. Kaka yangu Kahangwa alizama huko."

Halafu kimya. Wiki mbili simu haipokelewi. Kyaruzi akatuma meseji: "Msalimie bwana wako mpya."

Kesho yake Annastella akashuka na bodaboda pale bwawani, gauni la bluu, macho mekundu.

"Sina bwana. Nilikuwa narudia vipimo. Mara tatu. Nilitaka iwe nimekosea."

"Sema."

"Tope lako limejaa mrututu wa kuua ukungu na dawa za wadudu. Bomba la kupulizia kahawa unaoshea wapi?"

Kyaruzi akatazama maji. Marehemu baba yake alimkataza kuoshea mtoni, maana watu wa chini wanakunywa. Akaona bwawa ni lake, hamuumizi mtu. Miaka sita anaoshea humo. Na kila akilikausha, tope analibeba kwenye kibanja, mbolea ya migomba.

"Samaki je?"

"Usiuze tena. Usile."

"Kwenye ripoti andika ni bwawa la mtu mwingine, mpenzi. Nakuomba."

"Watoto wanakula hao samaki, Kyaruzi."

"Na migomba?"

"Bado sijaipima."

Annastella akamshika mkono. "Njoo Bukoba. Tutaanza hata na chumba kimoja."

"Nije nifanye nini, nikuoshee mabuti?" Kyaruzi akautoa mkono wake taratibu. "Jumatatu navuka kwenda visiwani. Usinisubiri."

"Unanipenda?"

"Ndiyo maana nasema usinisubiri."

Annastella akaondoka kwa miguu, gauni linanasa kwenye majani, hakugeuka.

Jikoni mama yake Kyaruzi alikuwa anamenya ndizi za mchana, zilizotoka kibanjani, anaimba wimbo wa kanisani. Kyaruzi akasimama mlangoni. Mama akamsogezea kigoda, akamwambia akae, chakula hakichelewi.