Vidole vya Nyabiyonza

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Jumatano ya tarehe 15 Oktoba, Dafroza alifungua mlango wa ofisi nyuma ya stendi ya Kayanga na kukuta waya wa chaji unaning'inia pembeni ya meza. Simu iliyokuwa kwenye waya huo haikuwepo.

Alisimama bila kugusa kitu. Dirisha lilikuwa zima, na kufuli alilolifungua dakika moja iliyopita halikuwa na mkwaruzo. Mezani, shubiri moja kutoka kwenye ule waya, simu mbili mpya za bei kubwa zilikuwa zimelala palepale zilipoachwa jana. Iliyochukuliwa ilikuwa kuukuu, yenye kioo kilichopasuka kona, ambayo hata fundi wa stendi asingeitolea elfu kumi.

"Huyu mwizi hakutaka simu," alijisemea. "Alitaka kilichomo."

Kilichomo ndicho kilichokuwa kinawalisha. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa na gemu la mpira la kuchezwa kwenye televisheni, kwa padi yenye vitufe kumi na viwili. Ilitaka gemu hilo liingie kwenye simu za bei nafuu, zile ambazo mkulima wa kahawa anaweza kuwa nazo mfukoni. Ofisi ya Nolasco ilipewa miezi minne ya majaribio. Walipunguza majani ya uwanja, wakafuta nyuso za mashabiki, wakaondoa hata kivuli cha mwamuzi, mpaka simu ikaacha kuchemka kama pasi. Vitufe vya padi sasa vilikuwa vimechorwa kwenye kioo, na swali likabaki moja: je, mtu wa kawaida ataviweza?

Jibu lilikuwa ndani ya simu ile. Wakazi arobaini wa Nyabiyonza walikuwa wameichezea, nayo ikahifadhi kila mguso wa kila kidole: ulipogusa, ulipoachia, ulipokatika. Simu yenyewe ilikuwa nzito, haikuweza kutuma mafaili makubwa kwa mtandao, kwa hiyo Dafroza alipanga kuyahamisha kwa waya asubuhi hiyo. Ijumaa saa nne kampuni ingepiga simu kutaka matokeo. Bila matokeo, hakuna mkataba, na ofisi ingefungwa.

Nolasco alifika saa mbili na dakika tano. Kabla hajaanza kufundisha watu kompyuta alikuwa mwalimu wa hesabu, na hasira yake bado ilikuwa ya ubaoni.

"Ni Sebahire," alisema. "Nani mwingine analala hapa na ufunguo?"

Mzee Sebahire, mlinzi wao, alikuwa mlangoni na kofia mkononi. Alizaliwa Kyerwa, lakini wapo ambao hadi leo humwita Mnyarwanda kila kitu kinapopotea.

"Shikamoo, mzee," Dafroza alisema haraka, ili neno hilo litangulie mengine.

"Marahaba, binti."

"Jana jioni nani walitoka, na saa ngapi?"

"Wewe uliondoka saa kumi na mbili kamili. Bosi na Cleophace wakatoka pamoja saa kumi na mbili na dakika ishirini. Cleophace akarudi ndani kuchukua koti, akatoka tena. Nikakagua mifuko yao wote, kama bosi alivyoagiza. Hata ya bosi."

"Hata yangu," Nolasco alikubali kwa shingo upande.

"Na simu?"

"Simu haikutoka mlangoni kwangu. Nikiapa kwa Mungu nitakuwa nimeapa kweli."

Nolasco hakutulia. "Basi Leonidas! Jana si alikuwa hapa anabwata?"

Leonidas alikuwa na banda la gemu sokoni, televisheni nne na mabenchi. Kila mtu alijua kuwa mpira ukihamia kwenye simu, benchi zake zitakaa tupu. Jana yake saa kumi na moja jioni alikuja kuwaambia hivyo, kwa sauti ya kusikika stendi nzima.

Dafroza alikwenda sokoni, akamkuta akipangusa vumbi kwenye padi.

"Umekuja kunikamata?" Leonidas alicheka. "Niambie nivae viatu vizuri."

"Uliondoka kwetu saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu. Bosi wako alinisindikiza kama mgeni wa heshima, ameninyooshea kidole mgongoni. Lakini sikiliza, dada. Nimekasirika, sawa, ila nimelala nikafikiri. Nimeagiza simu sita. Nitazifunga kwenye meza kwa mnyororo, watu wacheze mashindano. Gemu lenu likifa, hizo simu nizifanye nini, nizikaange?"

Dafroza alitabasamu. Tena alikumbuka jambo: yeye mwenyewe aliichomeka simu ile kwenye chaji saa kumi na mbili, akiwa anaaga. Leonidas alikuwa ameshaondoka nusu saa nzima.

Aliporudi ofisini, Cleophace alikuwa amefika. Alikuwa kijana mpole wa miaka ishirini na saba. Ndiye aliyechora vitufe vya gemu, na ndiye aliyekwenda Nyabiyonza kwa wiki mbili na daftari la majina. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Bado tuna daftari," Dafroza alisema akilifungua. Majina arobaini, tarehe, saa, na mbele ya kila jina maneno yaleyale: *amemaliza mechi tatu*. Siku yenye watu wengi ilikuwa Jumamosi ya tarehe 4, wachezaji kumi na wanne. "Niende leo niwatafute wachache, wacheze tena. Hata kumi watatosha."

"Usiende, Dafroza," Cleophace alisema. "Mvua imeharibu barabara. Nitakwenda mimi."

"Jua linawaka."

"Kule ni kule."

Dafroza alikwenda. Barabara ilikuwa kavu, na bodaboda ilimshusha Nyabiyonza saa tano na robo. Jina la kwanza daftarini lilikuwa la Kampire, mama wa miaka sitini na kitu, aliyekutwa akianika kahawa uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwana wange. Kaa, utafune." Alimpa punje za kahawa zilizokaushwa na viungo, kama apewavyo mgeni yeyote. Dafroza alitafuna, akaeleza shida yake.

"Lile gemu la Cleophace? Kijana mzuri yule. Lakini mimi sikulicheza."

"Hapa imeandikwa ulimaliza mechi tatu."

Kampire alicheka mpaka akashika ubavu. "Mechi tatu! Mpira wenyewe haukutoka katikati! Angalia hiki." Alinyoosha kidole gumba, kigumu na chenye nyufa kama gome. "Hiki kimepalilia migomba miaka arobaini. Kile kioo hakikisikii. Nasukuma, mchezaji anakimbia hatua mbili, anasimama kama ng'ombe mtoni. Nikamrudishia. Majirani nao vivyo hivyo, wachache tu waliweza."

Dafroza aliacha kutafuna. "Na Jumamosi ya tarehe nne? Siku hiyo walicheza kumi na wanne."

Uso wa mama ukabadilika. "Tarehe nne tulimzika Twizeyimana. Nani angecheza? Wewe si wa hapa Karagwe? Mtu akifa, hakuna anayeshika jembe mpaka azikwe, sembuse gemu la kupiga kelele za goli. Kitongoji kizima tulikuwa msibani toka asubuhi. Yule kijana alifika, akatukuta, akatoa pole, akaenda kukaa barazani pa duka lililofungwa. Alikaa pale peke yake mpaka jioni."

Dafroza alisoma tena majina kumi na manne. La tisa lilikuwa Nikuze.

"Nikuze ndiye mjane," Kampire alisema polepole.

Saa tisa alasiri Dafroza aliwaita wote watatu kwenye chumba kikubwa. Aliomba mzee Sebahire akae kwenye kiti, si asimame mlangoni.

"Mzee anasema simu haikutoka, nami namwamini," alianza. "Basi haijatoka. Jana saa tano asubuhi nilisema humu ndani kwamba leo nitachora ramani ya kidole cha kila mchezaji, nione nani anagusa wapi. Wakati huo Leonidas alikuwa bandani kwake. Waliosikia ni sisi wanne tu. Na jioni, baada ya mimi kuichomeka simu, ni mtu mmoja tu aliyerudi ndani peke yake."

Nolasco aligeuka. "Cleophace? Alirudi kuchukua koti!"

"Bosi, nimetoka Nyabiyonza. Ramani ile ingeonyesha kidole kimoja kikicheza kwa majina kumi na manne."

Nje, kondakta alikuwa anaita abiria wa Rubwera.

"Cleophace," Dafroza alisema, sauti yake ikashuka. "Nikuze alikuwa anamzika mumewe."

Kijana alifunika uso kwa viganja. Kisha aliinuka, akaenda pembeni ilipokaa mashine ya gemu la televisheni waliyotumiwa na kampuni kutoka Dar, akageuza boksi lake, na kutoka chini ya povu gumu la kupakia akatoa simu yenye kona iliyopasuka.

"Sikujua ni yeye," alisema. "Nilichukua majina kwenye orodha ya mwenyekiti wa kitongoji. Wiki ya kwanza nilikwenda kwa watu ishirini na sita. Wakanipa ndizi, wakanipa viti vyao. Halafu wakashindwa mmoja baada ya mwingine, wakawa wananiomba msamaha *wao*. Vitufe ni vyangu! Nilivichora kama vya padi, kwa sababu kwenye padi unavihisi. Kwenye kioo huhisi kitu. Tisa tu ndio waliomaliza. Nikaona nikileta hayo, mkataba unakufa mikononi mwangu, na ninyi mnarudi nyumbani kwa ajili yangu. Kwa hiyo Jumamosi nilicheza mwenyewe, na wengine nikawaandikia kuwa wamemaliza."

"Kwa nini hukuitupa mtoni?" Nolasco aliuliza kwa ukali.

"Wale ishirini na sita wa kweli wamo humu, bosi. Walinipa muda wao."

Nolasco alimgeukia mlinzi. "Mzee Sebahire, asubuhi nilikutuhumu bila ushahidi. Nisamehe."

"Nimekusamehe," mzee alijibu. "Ila ulikuwa mwalimu. Ungeuliza kwanza."

"Ningeuliza kwanza," Nolasco alikiri, na masikio yake yakawa mekundu. "Sasa Ijumaa tunasema nini?"

"Kweli," Dafroza alisema. Alikuwa ameshachomeka simu kwenye kompyuta. "Njooni muone. Hawa walishindwa lakini vidole vyao havikukosea. Tazameni, kidole cha Kampire kiko palepale, ila mguso unakatika-katika kwa sababu ya ugumu wa ngozi, na gemu linadhani ameachia. Yeye anasukuma, sisi ndio hatusikii."

Cleophace alisogea taratibu, akainama. "Mguso ukikatika nusu sekunde," alinong'ona, "gemu lisubiri kabla ya kuamini kuwa kidole kimeondoka. Na vitufe kumi na viwili vitoke. Kioo chote kiwe kitufe."

"Utaweza lini?"

"Kesho mchana."

Aliweza. Alhamisi saa tisa alasiri alikwenda mwenyewe kwa Nikuze, akaomba radhi akiwa amepiga magoti uani, waliyozungumza hakuyasimulia. Saa kumi, kwa Kampire, mchezaji mwenye jezi nyekundu alikimbia kutoka katikati ya uwanja bila kusimama, na mama akapiga kelele iliyomrusha kuku kutoka kwenye ungo wa kahawa.

Ijumaa saa nne kamili mama Uwamahoro wa kampuni alipiga simu. Nolasco alimsomea yote: tisa wamemaliza, kumi na saba wameshindwa, kumi na wanne ni wa uongo na aliyesema uongo yuko hapa chumbani. Kisha akaeleza tatizo la mguso na dawa yake.

"Subirini," alisema yule mama. Karatasi zilisikika zikipekuliwa. "Nina vikundi vitatu mikoa mingine. Vyote vimeniletea arobaini kwa arobaini, nami nikawa nashangaa mbona gemu likitoka mikononi mwao halichezeki. Nolasco, nakuongezea miezi mitatu. Huyo mwongo mtamfanyaje?"

Nolasco alimtazama Dafroza.

"Ataendelea kwenda vijijini," Dafroza alijibu kwa sauti ya kusikika, "ila hatakwenda peke yake."

Jumatatu saa tatu asubuhi Dafroza na Cleophace walikuwa Kyerwa, nyumba ya kwanza, kwa mzee Gaudiosus. Alisukuma kioo kwa dakika nne, akapoteza mpira mara saba, akairudisha simu kwa aibu.

"Nimeshindwa, wanangu. Niandikieni tu kuwa nimeweza, msiharibu kazi yenu."

Cleophace alifungua ukurasa mpya, akaandika *ameshindwa* kwa herufi kubwa, akamgeuzia mzee asome.

"Asante sana, mzee," alisema, na kusogeza kiti chake karibu. "Sasa nionyeshe ulikuwa unataka mpira uende wapi."