Manyoya ya Bobi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Dorah alifagia sebule, na kila asubuhi manyoya ya Bobi yalimtia hasira. Yalikuwa chini ya meza, kwenye soksi, hata kwenye uji. Bobi alikuwa mbwa mkubwa mweupe, na tangu mvua zianze alipukutisha manyoya mpaka ungedhani kuna kuku anayenyonyolewa mle ndani. Hata hivyo, Dorah alimpenda kupita kiasi.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya soko la Oyugis, ambako mama yake, Orpah, aliuza ndizi. Mdogo wake, Duke, alikuwa na pumu. Kwa sababu hiyo mama aliweka sheria: Bobi achanwe manyoya nje kila siku, na kila Ijumaa vitambaa vya makochi vifuliwe.

"Mimi niko sokoni mchana kutwa," mama alimwambia Dorah. "Kazi hiyo nimekuachia wewe. Usiniangushe."

Kumchana Bobi kulimchosha Dorah, akatafuta njia ya mkato. Alianza kumwogesha kila siku kwa sabuni ya unga ya kufulia, akiamini kwamba mbwa safi hapukutishi manyoya. Bobi akawa anajikuna kutwa, na manyoya yakazidi.

Ijumaa moja Dorah alirudi nyumbani akamkuta Lynnet, binti wa jirani, akiruka bladda, ule mchezo wa kamba ya mpira. Akajiunga naye kwa mchezo mmoja tu, lakini mmoja ukazaa mwingine. Alipokumbuka vitambaa, jua lilikuwa linazama. Kina Dorah walikuwa Wasabato. Jua la Ijumaa likishazama, Sabato imeingia, na hakuna anayefua wala kufagia. Mbio mbio aliingia ndani akageuza vitambaa vyote, upande wenye manyoya ukalala chini na ule mwingine ukaangalia juu.

Mama alifika amechoka. "Vitambaa je?"

"Nimefua, mama. Na Bobi nimemchana."

"Asante, mwanangu. Mungu akubariki."

Baraka hiyo ilimchoma Dorah.

Kesho yake walikwenda kanisani kwenye mvua. Duke alirudi amelowa na kutetemeka. Baada ya chakula, Dorah alichungulia kutoka jikoni akamwona Duke amelala kifudifudi kwenye kochi, uso wake umezama ndani ya kitambaa. Alitaka kumwita. Kisha akafikiria maswali ambayo angeulizwa, akarudi kwenye vyombo vyake.

Haukupita muda, Duke akaanza kukohoa. Kifua chake kilipiga miluzi, midomo ikageuka rangi. Baba, Mzee Maranga, alimbeba akakimbia naye hadi zahanati, mama na Dorah nyuma yake.

Muuguzi, Sista Phelesia, alimvika Duke barakoa ya dawa ya mvuke. Walikaa kwenye benchi wakimtazama akipigania pumzi.

"Nilikwambia mvua ni kubwa, mtoto abaki," baba alisema bila kumtazama mama. "Hukusikia."

Mama alijifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Dorah hakuwahi kumwona mama yake akilia mbele za watu. Akisema ukweli, Bobi angefukuzwa, hilo alilijua.

"Nyumbani kuna mnyama?" Sista Phelesia aliuliza.

"Kuna mbwa, sista, lakini vitambaa vilifuliwa jana," mama alijibu. "Ni mimi. Ni mimi niliyemtoa mtoto nje kwenye mvua."

"Si mama!" Dorah aliangua kilio. "Sikufua. Niligeuza tu. Na Bobi sikumchana!"

Baba alisimama. "Huyo mbwa kesho aende kwa mjomba wako Walter, kule Kosele!"

"Tumtibu mtoto kwanza," sista alisema kwa upole. "Huenda baridi nayo ilichangia. Lakini manyoya, na vumbi la ngozi linaloambatana nayo, hubana kifua cha mwenye pumu. Mbwa asiingie tena ndani. Na mpelekeni kwa daktari wa mifugo, mjue kwa nini anapukutisha hivyo."

Duke alipumua vizuri jioni ile. Jumatatu daktari wa mifugo alipapasa ngozi ya Bobi iliyojaa magamba, akamuuliza Dorah anamwogesha na nini. Alipoambiwa, akatikisa kichwa.

"Sabuni ya nguo humkausha ngozi. Mbwa kupukutisha ni kawaida, lakini hali hii umeizidisha wewe. Mwogeshe mara chache, kwa sabuni ya mbwa. Mchane kila siku, nje, mbali na mlango. Na ndani usifagie kwa ufagio mkavu, utayarusha manyoya hewani. Pangusa kwa kitambaa kibichi."

Baba alikubali Bobi abaki, kwa sharti kwamba alale kwenye kibanda nyuma ya jiko. Dorah alimchana kila siku, akayafunga manyoya ndani ya mfuko. Taratibu ngozi ya Bobi ikapona na kifua cha Duke kikatulia. Lakini Duke hakuruhusiwa tena kumkumbatia rafiki yake. Alikaa dirishani akimwita, na Bobi akalia kule nje, na Dorah akawasikia wote wawili.

Kila Ijumaa Dorah alifua. Kila Ijumaa mama alirudi, akavichukua vitambaa kwenye kamba, akavigeuza kimoja kimoja.

"Mama, bado huniamini?" Dorah aliuliza siku moja.

Mama aliketi kwenye ngazi, kitambaa mapajani.

"Siku ile Duke alitaka kwenda kulala kitandani," alisema. "Ni mimi niliyemwambia alale pale kwenye kochi. Nilimwambia, lala hapa, ni safi, dada yako amefua."

Dorah aliinamisha kichwa.

"Bobi hana kosa, mwanangu. Hata kuchelewa si kosa kubwa. Kazi usipoifanya, niambie hujaifanya. Nitakugombeza, yataisha. Lakini ukiniambia umeifanya, nitamlaza mtoto juu ya neno lako."

Dorah alilia, na mama akamwacha alie.