Uzito wa Kiti cha Mbele

Jioni ile kazi iliyonibakia ilikuwa ndogo tu: kuwamwaga watu wa maji, kufunga paneli, kwenda nyumbani.

Watu wa maji ni midoli ya plastiki isiyo na kichwa wala miguu. Tunaijaza maji na kuifunga kwenye viti vya rola kosta, halafu tunaipandisha badala ya binadamu kila tunapofanya majaribio. Siku hiyo tulikuwa tumebadilisha kamba ya chuma inayovuta treni, kwa hiyo walikuwa wamezungushwa mchana kutwa, na hata mmoja hakutapika. Nilichomoa vizibo, maji yakamwagika, nikaibeba midoli stoo miwili miwili, mithili ya mama aliyezidiwa na mapacha. Vizuizi vya viti vyote niliviacha wazi. Wageni walishaondoka na jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima wa reli.

Mdogo wangu alikuwa kando ya reli anajifuta mikono kwa tambara. Yeye ndiye fundi wa kamba. Kila mtu pale kazini anamwita Grisi, na mama yetu hajawahi kuacha kulalamikia shuka zake.

"Dada, usifunge paneli," akasema. "Bado mimi."

Nilijua. Tuna desturi yetu ambayo haijaandikwa popote. Fundi aliyeifunga kamba kwenye winchi ndiye binadamu wa kwanza kuvutwa nayo, kiti cha mbele, peke yake. Kama umefunga vibaya, ikukatikie wewe.

"Ngoja niipitishe tupu kwanza," nikamwambia. "Nataka kuona mshale."

Watu wengi hudhani treni ile inajiendesha. Haina hata injini. Inatoka kituoni kwa kuteleza mteremko hadi chini ya mlima, na pale inamkuta Punda. Punda ni kigari kidogo kilichofungwa kwenye ncha ya kamba, na ndoano yake inaishika treni tumboni. Katika chumba cha mashine winchi inazunguka, kamba inajikunja kwenye pipa la chuma, Punda anapanda na mzigo wake. Kileleni anauachia, kisha anarudi peke yake kungoja mwingine. Mitambo ya mnyororo hupiga kelele mpaka mtaa wa pili, lakini kamba haina sauti. Unachosikia ni meno tu, vile vyuma vya kando ya reli vinavyolala treni ikipita na kuinuka nyuma yake, ili hata kamba ikikatika treni isirudi chini.

Tak... tak... tak...

Ukishapita jino la kwanza, hakuna kurudi. Ni juu tu.

Mimi huangalia mshale wa ampea. Mzigo ukiwa mzito mota hula umeme zaidi, na mshale hupanda. Pale unaposimama treni ikiwa tupu nimechora alama kwa rangi yangu ya kucha. Bosi alinigombeza kwamba naharibu mali, lakini tangu hapo akitaka kujua lolote huja kuangalia alama yangu.

Nilibonyeza kitufe cha kijani. Treni tupu ikapanda.

Mshale ukapita alama.

Haukupita sana. Uzito wa mtu mmoja hivi.

"Umesahau mdoli?" nikamuuliza.

"Midoli si umebeba mwenyewe?"

Treni ilipozunguka na kurudi kituoni, viti vyote vilikuwa vitupu. Ila kizuizi cha kiti cha mbele, upande wa kushoto, kilikuwa kimeshuka na kujifunga. Nilisogea nikifungue, nikasikia harufu. Sabuni ya unga, ile ya kusugulia mikono yenye mafuta.

Nikamkumbuka Mzee Koleo.

Huyo ndiye aliyefunga kamba ile ya zamani, tuliyokuwa tumeitoa. Alipomaliza alisema anakwenda kunawa ndipo aje apande. Akaangukia bombani, mikono ikiwa na povu, na hakuinuka tena. Asubuhi yake bosi aliingiza wageni kama kawaida. Mzee hakupanda kamba yake. Na kamba hiyo ikawa haizeeki. Sisi huipima kwa kuishika na tambara la pamba huku inapita polepole, maana waya uliokatika lazima unase nyuzi. Kamba nyingine hunasa mapema. Ya Mzee Koleo haikunasa hata siku moja. Mkaguzi akasema umri wake umepita, bosi akaamuru itolewe, na mdogo wangu akaikatakata vipande kwa mashine, kamba nzima isiyo na kasoro.

"Panda kesho," nikamwambia Grisi.

"Kesho asubuhi bosi anaingiza watu. Unataka watoto wa watu wapande kabla yangu?"

Alikuwa amesema kweli, na ndicho kinachoniuma mpaka leo. Akakaa kiti cha mbele, upande wa kulia, akashusha kizuizi, akanionyesha dole gumba lililojaa grisi.

Kizuizi cha kushoto nilikuwa nimekifungua kwa mkono wangu.

Nilipofika kwenye paneli, taa ya kizuizi kile ilikuwa inawaka. Kimejifunga tena. Nikafungua mdomo nimwambie ashuke, lakini treni ilikuwa imeshatoka kituoni, na mimi sikuwa nimebonyeza kitu.

Punda akaishika. Tak...

Mshale ulisimama kwenye uzito wa watu wawili.

Nikapiga kitufe chekundu. Treni ikasimama katikati ya mlima, imeinua pua angani. Nikashika redio.

"Grisi."

Mkwaruzo wa redio. Halafu pumzi.

"Dada..." alikuwa ananong'ona. "Kuna mtu hapa."

Kwenye kamera niliona mtu mmoja tu. Mdogo wangu, kajibana kwenye ukingo wa kiti chake kama anampisha mwenzake.

"Anataka nini?"

"Anauliza nani aliikata kamba yake."

"Mwambie ni amri ya bosi."

Nilisikia anasema. Nilisikia pia ukimya, kama wa mtu anayesikiliza jibu.

"Anasema mkono ulikuwa wangu."

Pale alipokuwa hapafikiki haraka. Kumrudisha chini kulikuwa hakuwezekani, meno yalishainuka nyuma yake, na tuliyaweka sisi wenyewe ili kuokoa watu. Nilikuwa na vitufe viwili tu, cha kumwacha pale na yule mtu, au cha kumpeleka juu naye.

"Dada, usisimamishe," akanong'ona. Alikuwa analia. "Amenishika mkono. Usisimamishe."

Nikabonyeza kijani.

Tak... tak... tak...

Karibu na kilele mshale ukatetemeka. Ukashuka. Ukatulia kwenye uzito wa mtu mmoja.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilidhani aliyeshuka ni mzee.

Punda akaachia, treni ikaporomoka, ikazunguka, ikarudi. Grisi alikuwa amekaa wima. Akainua kizuizi na kushuka bila haraka. Nikamkumbatia, nikamtukana, nikamkumbatia tena. Hakutetemeka.

"Twende nyumbani, dada," akasema.

Ndipo nilipoiona mikono yake. Ilikuwa safi. Mpaka ndani ya kucha, safi, na ilinukia sabuni ya unga.

Asubuhi niliipitisha treni tupu. Mshale ulipita alama. Mtu mmoja. Nikamwomba mdogo wangu apande. Akapanda kimyakimya, na mshale haukusogea hata unywele. Treni ikiwa naye, treni ikiwa tupu, ni uzito ule ule.

Siku ile nilichora alama ya pili.

Nyumbani tuna kochi bovu ambalo springi zake hulia hata paka akipanda. Akikaa yeye halilii. Mama haoni tatizo. Anasema mwanawe ametulia, hapayuki tena, na shuka zake sasa zinakaa wiki nzima bila doa. "Nimeomba miaka mingapi," anasema, na anacheka, na mimi nacheka naye kwa sababu sijui nifanye nini kingine.

Miaka imepita, na kamba ile mpya nayo haizeeki. Tambara linateleza juu yake kama kwenye kioo. Lakini wiki hii mkaguzi amekuja, ameangalia tarehe, akasema umri umefika, itolewe Jumatatu. Nilimfuata bosi, nikamwomba iachwe. Akaniuliza sababu. Nikamwonyesha alama zangu mbili za rangi ya kucha, na machozi yakanitoka mbele yake. Akasema mshale umeharibika, ataagiza mwingine.

Fundi wa kuikata ni mdogo wangu. Alipoambiwa alisema sawa, akaenda bombani kunawa.

Jioni hii nimebaki peke yangu kituoni. Yeye yuko nyumbani. Nimepiga simu, mama akasema yuko mezani, mbele yake. Redio yake ya kazini iko mfukoni mwangu, imezimwa. Nimeipandisha treni tupu, na mshale umesimama kwenye alama ya pili. Katikati ya mlima nikabonyeza chekundu, nikaishika redio yangu.

"Mdogo wangu," nikasema. "Ni mimi."

Upepo tu, na mlio mdogo wa chuma kinachopoa. Halafu pumzi.

"Dada... usisimamishe."