Mchezo Usio na Matusi

Utando ulishuka kutoka darini taratibu, nyuzi zake nyembamba kuliko nywele za mtoto mchanga, ukamkaa Redempta Kihwele kichwani kama kilemba. Akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa amesimama katikati ya shamba la alizeti, mkono wake wa kulia umefunikwa na nyuki mpaka kwenye kiwiko. Aliusikia uzito wao, na mvumo wao ukamwingia mpaka mifupani. Nyuki mmoja alimpanda shavuni, akatembea hadi puani, naye akapiga chafya. Chafya hiyo ilikuwa ya kweli, na ilisikika katika chumba namba nane cha Kituo cha Makazi, mjini Iringa, saa nne asubuhi, mwezi Juni mwaka 2094.

Baada ya saa moja akauvua Utando na kukiambia kinasa-sauti chake: “Bonde la Asali. Mandhari safi, hewa nzuri. Nyuki hawaumi. Nimechokoza mzinga kwa fimbo kwa makusudi, hawakuuma. Mtu mzima atachoka siku ya tatu. Alama tano kwa kumi.”

Asingekuwa na sababu, Redempta asingegusa michezo. Mara ya mwisho kucheza alikuwa msichana wa shule. Lakini upande wa pili wa kioo alikuwa amelala baba yake, mzee Fidelis Kihwele, fundi wa matrekta mstaafu, ambaye kiharusi kilimwangusha mwezi Aprili akiwa ameshika kikombe cha chai. Mwili ulikuwa umekwisha kazi. Akili, kwa mujibu wa vipimo, ilikuwa nzima, ila haikuwa na mlango wa kutokea wala wa kuingilia.

Kituo kilikuwa kinauza mlango huo. Utando wa mgonjwa haukukaa juu ya kichwa kama wa mgeni. Uliota mizizi ndani ya ubongo na kumwingiza mtu mzima-mzima katika mchezo mmoja, humo akatembea, akala, akazungumza. Ndugu zake walimtembelea kwa Utando wa wageni. Michezo ambayo zamani watu waliicheza wakiwa wamejinyoosha kwenye makochi sasa iliitwa makazi, na kulikuwa na watu waliokuwa wakiishi humo mwaka wa tisa. Shida ilikuwa moja. Mizizi ikishaota katika mchezo mmoja, haihamishwi.

“Usichague kama unayechagua sinema,” Daktari Atupele alimwambia siku ya kwanza. “Chagua kama unayemjengea nyumba. Atakaa humo miaka kumi, hata kumi na mitano. Akili isipopata kitu cha kuishika, inazimika. Nimeshaona wakizimika ndani ya wiki mbili.”

“Na yeye mwenyewe haulizwi?”

“Tumuulize kwa mdomo gani, dada yangu?”

Alipewa siku kumi za kujaribu michezo. Kwa kazi yake Redempta alikuwa mkaguzi wa lifti katika maghorofa ya mji mpya, na alikagua michezo kwa namna ileile. Lifti nzuri ni ile ambayo abiria hajui kama inasogea. Hairushi, haipigi kelele, haimshtui mtu. Kwa bahati mbaya hakuna aliyemwambia kwamba baba yake hakuwa abiria wa lifti.

“Reli ya Mawingu,” alirekodi siku ya tatu. “Unaendesha treni juu ya milima. Sauti ya injini nimeipenda sana. Ila yule mama mwenye kapu la parachichi amepanda vituo vitatu tofauti na hajashuka hata kimoja. Wamebana matumizi. Alama sita.”

“Mfalme wa Changarawe. Mbio za magari. Nimetapika. Haufai.”

“Soko la Juu. Soko kubwa juu ya ghorofa, unafungua kibanda chochote unachotaka, nimefungua cha spea. Michoro ya kizamani kidogo. Wakazi hawana adabu. Muuza nyanya ameniuliza kama kichwa changu nimezaliwa nacho au nimekiazima. Nimetoka kabla ya saa kwisha. Alama tatu.”

Mzee Odilo Gama alikuwepo siku hiyo. Odilo alikuwa Mngoni wa Songea aliyefanya kazi karakana moja na Fidelis, Mhehe wa Iringa, kwa miaka arobaini. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali zamani za mababu, kisha wakawa watani, na mtani ana ruhusa ya kusema yale ambayo akiyasema mtu mwingine hutafutwa polisi. Kila asubuhi kwa miaka yote hiyo Odilo aliingia karakana akiuliza kwa sauti, “Mhehe, mbwa mmemla mkammaliza, au mmeniachia mkia?” Na Fidelis hakuinua kichwa kutoka kwenye injini. “Mtumwa wetu amefika. Mpeni fagio.” Ndipo kazi ikaanza.

Redempta aliyajua hayo kwa kusimuliwa. Watu wa rika lake walikulia kwenye maghorofa, wakizungumza kupitia mashine zilizosafisha kila neno kabla halijafika, na utani kwao ulikuwa kitu cha kwenye maonyesho ya utamaduni. Kwa hiyo Odilo alipoingia wodini, akamwinamia mgonjwa na kusema, “Babu zako walitukimbia mpaka leo, na wewe umeona ukimbie kwa kulala,” mwili ulimsisimka kwa hasira.

“Mzee Odilo, jamani. Baba ni mgonjwa.”

“Ndiyo maana nimekuja, Mhehe mdogo. Angekuwa mzima ningemfuata nini?”

Redempta alijikaza. Akamuuliza, kwa kuwa mzee huyo alimfahamu baba kuliko mtu yeyote, ni mchezo gani ungemfaa.

“Wowote wenye mbwa. Atashukuru.”

Odilo aliomba naye aonje kidogo, wauguzi wakamvika Utando, wakamwingiza Soko la Juu kwa kuwa ndio uliokuwa wazi. Dakika kumi nzima alicheka peke yake kwenye kiti mpaka roboti muuguzi akaja kumpima mapigo ya moyo. Alipoutoa, macho yalikuwa yamelowa.

“Huu una watu,” alisema, na safari hii hakutania.

Redempta aliitikia kwa adabu, kisha akaufuta mchezo huo kwenye orodha.

Siku ya nane akaipata Nyumba ya Mlimani. Rekodi yake ya siku hiyo ni ndefu kuliko zote. “Nimekaa saa sita, nimesahau kula. Nyumba ina baraza, chini kuna bonde, jua la saa kumi halichomi. Majirani wanakuja na maziwa. Hakuna anayepaza sauti. Kuna Mlinzi wa Adabu, akili-unde inayosikiliza kila mgeni na kulainisha neno lolote la kumuumiza mkazi kabla halijamfikia. Ukiwapa kumbukumbu za familia wanazifuma humo. Nimeona jiko la marehemu mama. Nimelia. Alama kumi.”

Alijibu maswali mia nne ya kumbukumbu bila kuruka hata moja. Aliwapa wimbo wa mama, kovu la goti lake, jina la paka wa kwanza. Alitoa kila alichonacho kwa sababu alimpenda baba yake, na ni vizuri hilo lieleweke kabla hatujamlaumu.

Mizizi ilishika Jumatatu. Jumatano Redempta alivaa Utando wa wageni, akamkuta baba amesimama barazani, anapigapiga miguu yake chini kama anayejaribu viatu dukani.

“Mwanangu! Mguu umerudi! Tazama!” Akaruka. Mtu wa miaka sabini na mitatu akaruka juu kama mtoto, na Redempta akamkumbatia huku akimshukuru Mungu, daktari, na hata wale nyuki wasiouma.

Wiki mbili zilipita vizuri. Ya tatu, baba akaanza kunung’unika.

“Hapa kila mtu ananisifu. Jana nimefunga bolti moja kwenye trekta la jirani, wamepiga makofi. Bolti moja, Redempta.” Akajikuna shingo. “Yule Mngoni yuko wapi? Mwambie aje. Nimechoka kuheshimiwa.”

Odilo alikuja kesho yake akiwa amenyoa ndevu. Waliingia pamoja. Fidelis alipomwona anapanda ngazi za baraza, uso wote ulimfunguka.

“Mtumwa wetu! Umechelewa wapi? Fagio lile pale!”

Mkazi alikuwa huru kusema lolote. Mlinzi wa Adabu aliwachuja wageni tu. Odilo akavuta pumzi, akajibu kwa nguvu zake zote, na Redempta akasikia sauti yake ikitoka, nzito na yenye mikwaruzo kama kawaida, ikisema: “Rafiki yangu mpendwa, nimefarijika kukuona ukiwa na afya njema.”

Fidelis alibaki mdomo wazi, kicheko kimesimama njiani. “Nini?”

Odilo akajishika koo. Akasema tena. “Nyumba yako ni nzuri sana, ndugu yangu.”

Akajaribu mara ya tatu, kwa Kingoni. Mlinzi alikijua Kingoni. Akajaribu kwa mkono, akaelekeza vidole puani kama walivyokuwa wakitaniana karakana, na mkono ukanyooka wenyewe ukapunga kwa upole. Fidelis alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine.

“Wewe nani?”

“Ni mimi, Odilo,” sauti ikasema. “Mashine inanibadilishia maneno.”

“Ndivyo mashine ingesema.” Alimtazama muda mrefu. “Odilo nimekaa naye miaka arobaini. Mke wangu alipofariki alikuja msibani akalala mlangoni, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe kuku. Watu walicheka na machozi yanawatoka. Nilimpenda siku ile kuliko ndugu zangu. Mtu huyo hawezi kuniambia amefarijika.”

Kisha akageuka kwa Redempta, polepole, na hapo ndipo yeye alipoanza kuogopa.

“Na wewe,” alisema. “Wewe umekuja naye.”

“Baba, ni mimi. Nikuambie kitu tunachokijua sisi wawili tu? Kovu langu hili. Nilikuwa na miaka sita, nilidondokea spana yako.”

“Hilo hata mama wa jirani analijua. Jana kanisimulia, akiniletea maziwa.”

Alimtajia paka. Alimwimbia wimbo wa mama. Fidelis alitikisa kichwa kwa masikitiko, kwani kila asubuhi redio ya jikoni mle ndani iliupiga wimbo huo. Redempta alitafuta kumbukumbu moja ambayo hakuiandika kwenye yale maswali mia nne, na hakuipata. Alikuwa amefanya kazi yake kwa ukamilifu.

Daktari Atupele alisema mizizi haitoki bila kutoka na mtu. Kampuni iliyotengeneza mchezo ilijibu barua ya Redempta siku hiyohiyo, kupitia akili-unde yenye maneno mazuri, kwamba Mlinzi wa Adabu ni nguzo ya makazi na hawezi kuondolewa, na kwamba wanamtakia mzee furaha. Odilo alikaa kwenye benchi la ukumbini, mikono kati ya magoti.

“Nimemuua mtani wangu kwa kumsalimia,” alisema.

“Hajafa, mzee Odilo.”

“Kwake mimi ndiye niliyekufa. Ni yaleyale.”

Hakuja tena. Redempta alimpigia simu mara mbili, na mara zote mbili mzee aliongea naye kwa adabu, jambo lililomtia huzuni kuliko kama angemtukana.

Aliogopa baba atazimika. Kila asubuhi alikimbilia kwanza kwenye kioo cha vipimo kabla ya kuvua koti. Lakini mstari wa akili haukushuka. Ulipanda wiki hadi wiki, mpaka daktari akawaita wenzake waje wauone, wakasema Nyumba ya Mlimani ni mafanikio makubwa. Kuna kitu kilikuwa kimemshika mzee kwa nguvu, ila vipimo havikuweza kusema ni kitu gani.

Redempta alikijua mwezi wa Septemba. Alimkuta baba barazani amevaa shati safi, amechana nywele, viti viwili vimepangwa kutazama njia. Kimoja mzee alikikalia. Redempta alipotaka kukaa kwenye cha pili, baba akamzuia kwa mkono, kwa upole wote wa nyumba ile.

“Samahani, mama. Hicho kina mtu. Kaa pale kwenye mkeka.”

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Lakini naomba usiniite baba. Sikuchukii, nakuona unajitahidi, kila siku unakuja. Huenda wewe mwenyewe hujui kama ni wa mashine. Ila nina binti huko nje, na jina hilo ni lake.”

Alikaa kwenye mkeka. Majirani walipita na maziwa, wakasalimia. Mzee hakuacha kutazama njia. Baada ya kitambo akamgeukia, akainama kidogo, kama mtu anayemwomba karani msaada asioustahili.

“Wewe mwenzetu wa humu huenda una njia ya kupeleka neno nje. Ukimpata Redempta, mwambie sijafa. Asije akadhani nimekufa, akaacha kunitafuta. Aje hata mara moja. Akija tu, nitamjua.”

Redempta hakuwa na neno lolote ambalo nyumba ile haikuwa nalo.

“Nitamwambia, mzee,” alisema.