Tuko Watatu

Kliniki ilichelewa siku ile. Mizani ilikuwa moja, watoto wengi, na Kasiana alikuwa mtu wa kupisha. Kila aliyesema ana haraka, yeye alisogea pembeni. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka wakati mwanawe Anjelika, mwenye miezi minane, aliponing'inizwa kwenye mizani.

Nesi aliitwa Pamela, dada mchangamfu mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani. Alikuwa anajaza daftari jipya.

"Nyumbani mko wangapi?"

"Watatu," Kasiana alijibu polepole. "Mimi, mama mkwe na baba yake mtoto. Ila yeye yuko Tunduru, kwenye machimbo."

"Na huyu?" Nesi alimwinua Anjelika juu watu wote wamwone. "Huyu ni mbuzi? Jamani, njooni muone mama asiyemhesabu mwanawe! Mko wanne, mama. Wanne!"

Akina mama kwenye benchi waliangua kicheko. Kasiana aliinamisha kichwa, masikio yanawaka moto. Mtoto alipochomwa sindano yake, alimfunga mgongoni kwa kanga, akajitwika mfuko wa unga aliosaga asubuhi, akashuka kwenda mtoni. Njia nzima alirudiarudia moyoni. Wanne. Mtoto naye ni mtu.

Aibu ile ndogo ndiyo iliyozaa mambo yote.

Kwao ni bondeni, upande wa chini wa mto. Kwa miguu ni mwendo wa saa tatu kuzunguka vilima, na mvua za mwaka ule zilikuwa zimeikata njia. Kwa mtumbwi, hata nusu saa haiishi. Urbani, kaka wa mumewe, alikuwa anamngoja ukingoni, amekaa juu ya mtumbwi wake anatafuna muwa.

"Shemeji! Nilidhani wameamua kuupima ukoo mzima!"

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Panda, panda. Wakifungua maji tungali huku juu, tutalala na nyani."

Tangu bwawa la umeme lijengwe kule juu, mto ule una saa zake. Mchana maji huzuiwa, mawe yakaonekana migongo. Jioni king'ora hulia mara moja, maji hufunguliwa, na baada ya nusu saa yameshafika bondeni. Njiani kuna sehemu tatu ambapo maji hukimbia juu ya mawe kwa kelele. Wenyeji wanaziita Vicheko. Maji yakiwa machache, Vicheko ni mchezo tu. Mtumbwi unarukaruka, unalowa magoti, basi. Maji yakishafunguliwa, hakuna anayecheka.

Mwenye kafi hukaa nyuma. Mwenye upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, hukaa mbele, anayatazama mawe na kuyasukuma. Na wa mbele hageuki. Akigeuka, mtumbwi unalala ubavu.

Kuna jambo lingine. Kabla ya kuondoka, wa mbele huutajia mto hesabu ya waliopanda. Mkifika, hutaja tena, na hesabu zote mbili lazima zilingane. Mtoto wa mgongoni hatajwi. Hajakanyaga mtumbwi, hana nafasi yake ya kukaa.

Kasiana aliyajua hayo tangu alipoolewa. Lakini siku zote mbele alikaa mtu mwingine. Siku ile walikuwa wao tu.

"Taja, shemeji," alisema Urbani, akiulaza mfuko wa unga katikati na kuufunga kamba.

Kasiana aliyatazama maji. Akalikumbuka benchi lile lote la meno.

"Tuko watatu," alisema.

Mikono ya Urbani ikasimama juu ya kamba.

"Umesema wangapi?"

Kabla hajajibu, king'ora kikalia kule juu bwawani. Kirefu. Kizito, kama ng'ombe aliyenasa matopeni.

Urbani alitema makapi ya muwa. Alitazama juu, akatazama chini. Anjelika alikuwa ameanza kuchemka kwa ile sindano, na giza lilikuwa karibu.

"Haya," alisema, bila mzaha. "Iliyotajwa haifutwi. Tuna nusu saa mbele ya maji. Shika upondo."

Wakaondoka.

Kicheko cha kwanza kilikuwa kama siku zote. Mtumbwi uliinua pua, ukashuka, maji yakamrukia Kasiana kifuani. Alisukuma jiwe la kulia, akasukuma la kushoto. Nyuma yake Urbani alianza tena maneno yake.

"Ndugu yangu Mathias alioa fundi, sisi tukadhani kaoa bubu!"

Kasiana alitabasamu, peke yake, huku mbele. Kafi lilikuwa linaingia majini kwa mwendo ule ule wa Urbani. Chubwi... Kimya. Chubwi... Kimya.

Wakapita penye maji yaliyotulia, miti imeinama pande zote mbili. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo, rangi ya majivu.

Mtumbwi ukazama kidogo.

Si kwamba uliyumba. Ulizama sawasawa, taratibu, kama unavyozama mtu mzima anapopanda na kukaa katikati.

Kasiana alitazama ukingo wa mtumbwi. Maji yalikuwa yamepanda vidole viwili.

Chubwi... Chubwi... Chubwi... Chubwi...

Ule ukimya katikati haukuwepo tena. Makafi yalikuwa mawili. Na kwenye mtumbwi ule kulikuwa na kafi moja tu.

Halafu ikaja harufu. Ugoro. Ugoro mkali wa wazee, umechanganyika na tope lililolala chini ya maji miaka mingi. Urbani hakuwa mtu wa ugoro.

"Shemeji?" aliita.

"Shemeji Urbani?"

"Usigeuke." Sauti ya Urbani ilikuwa mnong'ono, tena ilitoka mbali kuliko urefu wa mtumbwi. "Mama Anjelika, nakuomba. Usigeuke."

"Kuna nini?"

"Mimi nimeacha kupiga kafi muda mrefu."

Na mtumbwi ulikuwa unakwenda. Ulikuwa unakwenda kasi.

Anjelika akacheka.

Alicheka kile kicheko chake cha tumboni, cha kumchekea mtu anayejificha uso na kuufunua. Miguu yake ikampiga mama yake kiunoni kwa furaha. Mtoto wa mgongoni huchungulia nyuma. Kasiana alielewa hilo kwa mara ya kwanza maishani mwake. Urbani alikuwa anaona mgongo wa kile kilichokaa juu ya mfuko wa unga. Mwanawe alikuwa anauona uso.

"Shemeji, ni nani?"

Urbani alikuwa anasali, meno yanagongana. Salamu Maria ilikatika katikati, akaianza upya, ikakatika pale pale.

Kicheko cha pili kiliwapokea. Kasiana alisukuma mawe bila kuyaona vizuri. Walipotoka upande wa pili, alihisi kitu kwenye kanga.

Vidole. Baridi. Vilikuwa vinatambaa pembeni ya mbavu zake, kuelekea kifuani lilipokuwa fundo.

"Nipe nimpakate," sauti ilinong'ona nyuma ya sikio lake. Sauti ya mzee, ya upole, yenye maji ndani yake. "Umechoka, mwanangu. Nipe nimpakate."

Fundo likalegea.

Kasiana aliuhamishia upondo mkono wa kulia. Mkono wa kushoto akaupeleka nyuma, akaukamata mguu wa mtoto. Mguu ulikuwa wa moto kwa homa. Aliushika kama anavyoshikwa kuku anayetaka kutoroka. Upande wa pili, mtu alikuwa anavuta. Hakuvuta kwa nguvu. Alivuta kama babu anayesubiri apewe mjukuu.

"Simtoi," alisema Kasiana. Yeye, ambaye hata sokoni alishindwa kusema hapana. "Huyu ni wangu. Simtoi!"

Na hapo nyuma yao, mbali, mto ukaanza kuguruma.

Maji!

Nusu saa haikuwa imefika. Au ilikuwa imefika, na wao hawakujua walivyoitumia. Ndege waliruka kutoka mitini. Upepo wa baridi ukawasukuma visogoni.

"Kicheko cha tatu!" Urbani alipiga kelele. "Mawe, shemeji! Tazama mawe!"

Alitazama. Hakuona kitu. Kulikuwa na povu jeupe na giza tu, na mkono mmoja wa kushika upondo. Pale ndipo penye jiwe kubwa la katikati, na ukikosea upande unabanwa mpaka maji yakukute.

"Kushoto," ilisema ile sauti sikioni.

Moyo wake ukakataa.

"Kushoto, mwanangu. Mimi napajua."

Aliusukumia mtumbwi kushoto. Jiwe lilipita kulia kwake, karibu kiasi kwamba lilimchuna kiwiko. Mtumbwi ulianguka, ukainuka, ukatoka. Mbele yake, ukingoni, tochi ilikuwa inapepea. Mama mkwe wake, Kunegunda, alikuwa amesimama kwenye kituo cha bondeni, kama alivyosimama kila mara walipochelewa.

Mtumbwi ukagusa mchanga.

"Msishuke!" aliita bibi yule, kwa desturi. "Mmefika wangapi?"

Kasiana akaukaza mkono kwenye mguu wa mtoto.

Akisema wawili, kama ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo, mto ungebaki na mmoja wake. Yupi? Yule aliyekaa juu ya unga? Au huyu wa mgongoni, aliyetajwa leo kwa mara ya kwanza? Nani angemchagulia? Na akisema watatu, basi watatu wangeshuka. Wote watatu waliokalia nafasi zao. Wangeshuka, wapande njia ile ile ya kwenda nyumbani.

Ngurumo ilikuwa imefika Kicheko cha tatu.

"Kasiana! Wangapi?"

Vidole vya baridi vilitulia juu ya fundo. Navyo vilikuwa vinasubiri jibu.

"Watatu," alisema Kasiana. "Tumefika watatu."

Mtumbwi ukapanda juu, ghafla, kama unavyopanda mtu mzima anaposhuka. Mchanga mkavu ukalia mara moja karibu na ukingo. Mara mbili. Kisha nyasi.

Walikimbia. Kunegunda alimvuta mkamwana wake kwa mkono, Urbani akatambaa nyuma yao na mfuko wa unga kifuani, hakujua hata kwa nini aliubeba. Maji yakapita nyuma yao, meusi, marefu, yakauchukua mtumbwi kama jani.

Nyumbani walimulika ule mfuko. Ulikuwa umebonyea katikati, umbo la mtu alipokaa, na umelowa pale tu. Mahali pengine pote unga ulikuwa mkavu. Walipoufungua ulinuka ugoro. Kunegunda aliumwaga wote chooni.

"Ulimwona?" alimuuliza mwanawe.

"Nimeona mgongo," alisema Urbani. "Mama, usiniulize tena."

Kesho yake alikwenda Mjimwema kwa ndugu wa mkewe, na kazi ya mto hakuirudia. Kafi lake lilibaki limening'inia jikoni kwa mama yake.

Wiki moja baadaye, wakipukuchua mahindi, Kunegunda alianza mwenyewe, bila kuinua macho.

"Kulikuwa na mzee mmoja, Daimu, mvushaji wa zamani. Alikuja huku peke yake, akafa peke yake. Mtu wa ugoro. Walipotaka kujaza bwawa, waliita kila ukoo uandikishe makaburi yake yahamishwe. Tuliandikisha ya kwetu. Kila mtu aliandikisha ya kwake."

"Na yeye?"

"Nani angemtaja?" Mahindi yaliendelea kudondoka kwenye ungo. "Lakini huenda si yeye. Mto ule una wengi."

Jioni ile, Kasiana alimwona anaweka kigoda karibu na moto, upande ambao hakuna aliyekaa.

Anjelika alipona homa na kunenepa. Hakulia hovyo. Ila king'ora kilipolia jioni, aligeuza kichwa kutazama mlangoni, akapunga mkono, akacheka kile kicheko chake cha tumboni. Dakika chache baadaye kizingiti kilikuwa kimelowa. Kasiana alikipangusa kwa kitambaa, bila kumwambia mtu.

Mwezi uliofuata alirudi kliniki. Safari hii alizunguka kwa miguu, aliondoka alfajiri. Nesi Pamela alimkumbuka.

"Ehe, mama wa mbuzi! Karibu. Daftari la kwanza limelowa mvua, tunaandika upya. Nyumbani mko wangapi?"

Akina mama kwenye benchi walishaanza kutabasamu.

Kasiana alilitazama daftari. Nyuma yake, mgongoni, Anjelika alikuwa amenyoosha mkono, anachezea kitu hewani.

"Watano," alisema.

Nesi aliandika. Kisha kalamu ikasimama. Alihesabu kwa vidole: mama mkwe, baba, mama, mtoto.

"Mama, mbona wanne? Wa tano ni nani?"

Kasiana alilikaza fundo la kanga kwa mikono miwili. Ndani ya chumba kile chenye harufu ya spiriti, kulikuwa na harufu kidogo ya ugoro.

"Andika tu, dada," alinong'ona. "Nakuomba. Usimwache."